Unga wa Meno wa Bibi Housabai

Siku Mwalimu Lokhande alipowataka watoto wa darasa la saba waandike kwa siri jina la mwenzao mmoja ambaye akisema jambo wao hulisadiki, jibu lilijulikana kabla kalamu hazijagusa karatasi. Lisingejulikanaje? Pranali Gavhane alikuwa na mdomo usiolala hata akiwa na homa. Hesabu zilimshinda, na wafalme wa kwenye historia aliwachanganya kama dengu na kokoto, lakini mtu akipata shida pale kijijini Karanjwadi, hakuna aliyemtafuta mwenye alama nyingi. Mwaka uliopita mtoto wa darasa la pili aliumwa na nge, wakubwa wote wakiwa mashambani. Pranali alimbeba mgongoni kilometa tatu mpaka zahanati, akimtukana njia nzima ili asisinzie. Mtoto akapona, na matusi yale anayakumbuka mpaka leo.

Basi kura zikahesabiwa. Karatasi thelathini na moja, na kumi na tisa zilikuwa zake. Mojawapo ilisema, "Pranali, ila apunguze kelele." Mwalimu akaihesabu nayo.

Huyu Mwalimu Lokhande alikuwa ametoka kwenye mafunzo ya siku tatu mjini, akarudi na jambo ambalo walimu wenzake waliliona wazimu mtupu. Alisema mwalimu akiwaambia watoto kwamba tumbaku ni sumu, wao huitikia "ndiyo, Mwalimu," kisha hao, dukani. Kwa hiyo mafunzo ya kujikinga na tumbaku yataongozwa na watoto wenyewe, na mtu mzima atatoka nje ya duara.

"Nje kabisa?" aliuliza mwalimu mkuu.

"Nje kabisa."

"Na wakidanganyana?"

"Watagundua wenyewe."

Na kweli alitoka. Kila Jumamosi masomo yakiisha, vikundi vinne vilikaa barazani, kila kimoja na kiongozi wake, naye akajifungia ofisini. Alichungulia dirishani, ndiyo, tusimsingizie utakatifu, lakini hakutoka. Aliwaachia viongozi sharti moja tu: swali lolote utakalowauliza wenzako, jibu wewe kwanza.

Laiti ungemwona Pranali kwenye duara lile! Alikuwa na wenzake sita, na hakuanza na picha za mapafu meusi zilizokuja kwenye kitabu. Aliuliza, "Nani hapa hajawahi kutumwa tumbaku na mkubwa wake?" Akaanza kujibu mwenyewe: yeye ametumwa mara zisizo na idadi. Hakuna mkono ulioinuka. Basi akasema kitabu kinamtaja rafiki mbaya anayekuja na sigara, lakini hapa kijijini rafiki mbaya ni nani? Ni mjomba. Mjomba mwenyewe, aliyelala kibarazani akijikuna kitambi.

"Omkar, wewe uwe mjomba."

Omkar Shelar, mchekeshaji wa darasa, hakungoja kubembelezwa. Akajilaza sakafuni, akapandisha shati, akaanza kujikuna. "We mtoto! Kimbia dukani, kaniletee pakiti mbili za kutafuna. Chenji ununue peremende."

"Siddhi, mjibu."

Siddhi alikuwa msichana mkimya, mdogo kuliko wote, aliyesukwa nywele hadi zikamvuta macho. Akasema kwa adabu, "Samahani, Mjomba, tumbaku ina madhara kwa afya."

Wakaangua kicheko. "Kofi utakalokula hapo," alisema Omkar, "utasahau hata jina la baba yako."

"Nipisheni," alisema Pranali. "Mjomba, naenda sasa hivi. Lakini mwenye duka anazificha chini ya gunia la sukari, lazima ataniuliza ni za nani. Nami nitamjibu. Sauti yangu unaijua, Mjomba. Na shangazi yuko pale bombani anachota maji."

Omkar akafunika kitambi haraka. "Ah, mwanangu, acha. Nilikuwa natania."

Jumamosi ile jibu hilo lilienea kijiji kizima. Kabla ya wiki kwisha wajomba watatu walikuwa wameshajinunulia wenyewe, na mmoja alimlalamikia Mwalimu kwamba shule inafundisha watoto vitisho. Mwalimu Lokhande alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akaingia ofisini akacheka mpaka miwani ikamtoka.

Jumamosi ya tatu Omkar aliingiza mkono kwenye soksi, akatoa pakiti, akaiweka katikati ya duara. "Nne kwa siku," akasema. Hakuwa anachekesha. "Tangu darasa la tano."

Mtu mwingine angetoa hotuba. Pranali aliuliza tu, "Ya kwanza unatafuna saa ngapi?"

"Nikitoka tu mlangoni."

"Basi Jumatatu nitakuwa mlangoni kwenu."

Akawa. Siku kumi na moja alimfuata Omkar asubuhi, akatembea naye hadi shuleni, akizungumza mfululizo bila kuvuta pumzi, hata mwenzake hakupata nafasi ya kutia kitu mdomoni. Siku ya pili Omkar alikuwa mkali kiasi cha kutaka kumng'ata mbuzi. Siku ya kumi na moja alimwambia, "Pranali, nakuomba, kesho usije. Nimeacha. Masikio yangu pia yanahitaji kupona." Na alikuwa ameacha kweli. Mama yake Omkar akamletea Pranali bakuli la maziwa ya kuganda, akamshika kidevu.

Sasa, mtu aliyefanya hayo ungefikiri anaweza kukosea wapi?

Jumamosi ya tano zoezi lilikuwa jepesi: andika kila kilichoingia mdomoni mwako tangu ulipoamka. Kwa sharti la duara, Pranali akaanza. "Unga wa meno. Chai. Mkate wa mtama na pilipili ya kusaga. Maji. Embe bichi, la wizi, msiandike. Haya, anayefuata."

Siddhi akasema polepole, "Dada, huo unga wa meno ni wa rangi gani?"

"Mweusi. Mishri. Kwani kuna mwingine?"

"Wa bibi yako?"

"Wa Bibi Housabai mwenyewe. Hata nyinyi si mnachukua kwetu?"

Ni kweli. Bibi Housabai Gavhane ndiye aliyekuwa akiwakaangia mtaa mzima. Majani ya tumbaku aliyaweka kwenye kikaango cha chuma juu ya moto wa kuni, akayageuza mpaka yakawa meusi kama masizi, akayasaga, akayachekecha kwa kitambaa. Asubuhi wanawake walichovya kidole, wakasugua meno kwa utaratibu, robo saa nzima, wakiongea. Wasichana walianzishwa wakiwa wadogo. Hakuna aliyeuita tumbaku. Tumbaku ilikuwa ile ya wanaume, ya kutafuna na kutema ukutani.

"Mimi nikiukosa asubuhi," alisema Siddhi, "kichwa kinaniuma. Dawa ya meno inaumizaje kichwa?"

Watoto wote wakamgeukia Pranali. Na yeye, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu azaliwe, akatoa la kwanza lililomjia, lile alilolisikia kwa bibi yake miaka yote. "Moto umeshaua sumu. Jani likiungua, linabaki jivu tu. Hilo ni la meno, halihesabiwi."

"Aha," walisema wote. Kumi na tisa walimpigia kura kwa sababu akisema jambo hulisadiki. Wakalisadiki na hilo.

Alipofika nyumbani alimkuta mdogo wake, Gauri, ameshika shavu. Wazazi wao walikuwa wamekwenda kukata miwa wilaya za mbali, kama kila mwaka baada ya mvua, wakawaacha na bibi. Gauri alikuwa na miaka minane na jino bovu la nyuma, na shavu lilikuwa limevimba.

"Alhamisi nitamwanzishia unga," alisema Bibi Housabai. "Alhamisi ni siku njema. Jino litakufa ganzi hilo."

Pranali akasita, asijue kwa nini. "Ni mdogo mno, Bibi."

"Mdogo? Mimi nilianza na miaka saba. Wewe ulianza na tisa. Na habari zako nimeshazipata bombani, mwalimu wangu. Mama yake Siddhi ameniambia umewasomea wenzako kwamba mishri haina neno, moto umeua." Bibi alitabasamu kwa meno yake machache, meusi ti. "Sitini na nne mwaka huu, na leo ndiyo mara ya kwanza mtu wa shule kusema nina akili."

Alifurahi hasa, yule bibi, na Pranali alimpenda kuliko kitu chochote. Hata hivyo swali la Siddhi lilikuwa limemkaa kama mwiba wa samaki kooni. Akajiambia, jambo rahisi. Kama moto umeua, basi mimi naweza kukaa bila huo unga hata mwezi. Nitaanza kesho, nione.

Jumapili asubuhi akasukutua kwa maji matupu. Kufika adhuhuri kichwa kilikuwa kinamgonga kwa nyuma, na mate yamemjaa mdomoni. Jumatatu mikono ilimtetemeka, chaki ikamponyoka mara mbili ubaoni, na Siddhi alipoiokota alimkaripia mpaka mtoto wa watu akalia. Pranali kupiga kelele ni kawaida, lakini kumliza Siddhi?

Wakati wa mapumziko Omkar akamfuata nyuma ya tangi la maji. "We. Umeacha nini?"

"Sijaacha kitu. Niondokee."

"Mimi hunidanganyi. Hayo macho nayajua, nilikuwa nayo siku kumi na moja. Umeacha nini?"

Akataka kumsukuma, akaacha. "Mishri," akasema.

Omkar akapiga mluzi. "Ewe Mungu wangu. Mimi nimefuatwa asubuhi zote na mtumwa wa tumbaku mwenzangu! Nyani haoni kundule." Lakini alipoona machozi yanamtoka, mzaha ukamwisha. Akachuchumaa kando yake. "Kunywa maji mengi. Usiku utaota unaula. Na usikae peke yako, ukikaa peke yako unarudi."

"Omkar, mimi nimewaambia haihesabiwi."

"Nilikusikia."

"Na Bibi anamwanzishia Gauri Alhamisi. Kwa neno langu."

Omkar akamchotea maji tangini.

Jumanne, akisaidia kupepeta mtama, Pranali alijaribu. Aliongea kwa upole ambao haukuwa wake. "Bibi, nilikosea juu ya ule unga. Ni tumbaku. Nimeacha siku tatu, na kichwa kinataka kupasuka. Usimpe Gauri."

Bibi hakuinua macho kwenye ungo. "Jumamosi dawa, Jumanne sumu. Neno lako lina maisha ya siku tatu tu?"

"Nilisema bila kufikiri."

"Ulisema mbele za watu. Wanawake wote wa bombani wameniona nina akili kwa ajili yako. Neno lililosemwa hadharani, mjukuu wangu, haliji kufutwa jikoni. Alhamisi ni Alhamisi." Akapepeta, makapi yakaruka. Mazungumzo yakawa yamekwisha.

Sasa Jumatano ndiyo ilikuwa siku kuu yenyewe. Afisa wa wilaya, Bi Nimbalkar, alikuwa anakuja kuikabidhi shule ubao wa buluu wa shule isiyo na tumbaku. Shule saba za jirani zilijaribu zikashindwa. Mwalimu Lokhande alikuwa amefagia uwanja kwa mikono yake mwenyewe, akafunga maua ya njano mlangoni, akavaa shati jipya ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani. Wanakijiji walijaa, wanawake upande huu, wanaume upande ule. Bibi Housabai alikaa mstari wa mbele kabisa, amevaa sari yake ya kijani, Gauri kwenye magoti. Watoto mia moja na kumi na wanane walipangwa kwa madarasa. Pranali ndiye aliyechaguliwa kuongoza kiapo.

Hakumwambia Mwalimu. Alimwona anavyonyoosha kamba ya maua mara ya tano, moyo ukamshinda.

Bi Nimbalkar, mama mnene mwenye sauti ya taratibu, akampa karatasi. Pranali akapanda jukwaani. Siku ya nne hiyo, na kichwa kilikuwa bado kinagonga. Akasoma, na watoto wote wakafuatisha kwa sauti moja, "Mimi, mwanafunzi wa shule hii..."

"Mimi, mwanafunzi wa shule hii..."

"...naapa kwamba situmii tumbaku, ya kuvuta wala ya kutafuna..."

Wakafuatisha. Mstari uliobaki ulisema, "wala kwa namna nyingine yoyote." Pranali akautazama. Akamtazama Gauri, mkono bado uko shavuni. Angeweza kuusoma. Maneno matano tu, na ubao ungeshuka kwenye gari, na hakuna mtu duniani angemuuliza kitu. Akaikunja karatasi.

"Huu mstari siwezi kuusoma," alisema. "Ni uongo."

Mwalimu Lokhande akainuka nusu, akafungua mdomo. Halafu, Mungu ambariki mtu yule, akajiziba mdomo kwa kiganja chake, akakaa.

"Jumamosi niliwaambia kikundi changu kwamba mishri haihesabiwi," Pranali aliendelea, na sauti yake, ile iliyozoea kufika ng'ambo ya mto, ilikuwa inatetemeka. "Niliwaambia moto umeua. Mimi naupaka kila siku tangu nina miaka tisa. Nimeuacha siku nne, na mikono yangu ndiyo hii, itazameni. Kitu kilichokufa hakimshiki mtu hivi. Ni tumbaku. Nimewafundisha uongo, na mlinisadiki, na nyumbani kwetu kesho mtoto wa miaka minane anaanzishwa kwa sababu mimi nilisema. Basi nimekuja kulifuta hapa hapa, mbele za watu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi kilikuwa mdomoni. Siombi mtu yeyote anyooshe mkono. Nimesema langu."

Bibi Housabai alisimama. Akamshika Gauri mkono, akapita katikati ya watu bila kumtazama mjukuu wake, akaondoka. Pranali akamwona anavyokwenda, wima, sari ya kijani ikipotea nyuma ya ukuta, na alitamani ardhi ipasuke.

Ndipo Siddhi akanyoosha mkono. Siddhi, ambaye darasani huomba ruhusa ya kwenda chooni kwa kunong'ona! "Na mimi," akasema. Akafuata msichana wa darasa la sita, halafu watatu wa la tano, halafu mvulana mmoja ambaye wenzake walimkodolea macho, akawaambia, "Nini? Dada yangu alinipaka." Mikono ikaota uwanjani kama mtama baada ya mvua. Mpishi wa shule akatoka jikoni kuona kulikoni, akasimama, akanyanyua wake pamoja na upawa, mchuzi wa dengu ukamtiririkia kiwikoni.

Bi Nimbalkar alihesabu polepole kwa kidole. Wanafunzi thelathini na tisa. Akavua miwani. "Fomu zetu zina maswali ishirini na mbili," akamwambia Mwalimu Lokhande. "Hakuna hata moja linalouliza hili. Ubao siwezi kuutoa leo."

"Usiutoe," alisema Mwalimu. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi na hakuyapangusa. "Tafadhali, Mama, usiutoe. Andika tu alichokisema yule mtoto."

Gari likaondoka na ubao wake. Baadhi ya watu walinung'unika njia nzima kwamba mtoto asiye na adabu ameiabisha shule na bibi yake kwa siku moja, na mjomba yule wa vitisho akasema yeye alijua tangu zamani. Omkar alimsindikiza Pranali, akiongea mfululizo bila kuvuta pumzi. Walipopita dukani, Pranali akanunua miswaki miwili na dawa ya meno ndogo kabisa.

Bibi alikuwa jikoni mbele ya meko. Kikaango cha chuma kilikuwa juu ya mafiga, lakini moto hakuuwasha. Gauri alikuwa amelala usingizi kwenye mkeka.

"Kaa," alisema Bibi.

Pranali akakaa. Alitegemea matusi, na matusi angeyapokea. Bibi akakikwangua kikaango kwa ukucha.

"Unaukumbuka mwaka wa ukame? Maji yalipokuwa yanaletwa na lori?"

"Kidogo."

"Wazazi wako walikuwa kwenye miwa. Mtama uliisha mwezi wa tatu. Gauri nilimpa uji mwepesi, yeye alikuwa mdogo. Wewe ulikuwa unalia. Kutwa nzima, 'Bibi nina njaa, Bibi nina njaa,' na mdomo wako unaujua." Akakigeuza kikaango. "Meno yako yalikuwa mazima, Pranali. Meupe kama maziwa. Mimi nilikupa unga ule ili usisikie njaa. Mama yangu mwenyewe alinipa mimi hivyo hivyo, wakati wa kuvuna, nisiombe chakula kabla ya wanaume. Nilikupaka, ukanyamaza. Nikamshukuru Mungu. Sikujua nimekupa nini. Hapana, nisiseme uongo na mimi. Nilijua kidogo. Nikaita dawa ya meno."

Pranali akaweka kichwa kwenye mapaja ya sari ya kijani, akalia kama mtoto wa miaka tisa. Bibi akamwacha alie, mkono wake mweusi wa masizi ukimpitia nywele.

"Mbele za watu umenivua nguo," alisema Bibi baadaye.

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekasirika. Nitakasirika mpaka Jumapili, usinibembeleze." Akamfuta uso kwa pindo la sari. "Lakini mimi njaa ile niliona aibu kuitaja miaka minne. Wewe umepanda jukwaani na mikono inatetemeka. Sijui ujasiri huo umeutoa wapi."

Alhamisi, ile siku njema, jua lilipotoka, wanawake watatu walikuja na vikopo vyao kuchukua unga. Bibi Housabai aliwaambia leo hakaangi. Wakauliza kesho je? Akawaambia kesho wamuulize mjukuu wake, yeye ndiye msomi wa nyumba hii, na wakitaka kumcheka wacheke wakiwa barabarani. Kisha akaja uani, ambako Gauri alikuwa anapiga mswaki kwa uangalifu, akilikwepa jino linalouma, ambalo Jumatatu lingepelekwa hospitali ya wilaya likang'olewe.

"Kichwa kitaniuma siku ngapi?" alimuuliza Pranali, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei tu.

"Sijui, Bibi. Mimi hii ya tano, bado. Omkar aliumwa kumi na moja."

"Omkar ni mtoto. Mimi nina miaka hamsini na saba ndani yake."

"Basi itakuwa kali."

"Sikukuuliza kama itakuwa kali."

Akanyoosha mkono, Pranali akampa mswaki wake. Bibi Housabai akaushika kama fimbo, ngumi nzima, akaanza kusugua ufizi kushoto na kulia kwa nguvu za kusafisha sufuria, povu likamtiririka kidevuni.

Gauri akatoa wake mdomoni. Akautazama mkono wa bibi yake, akatikisa kichwa.

"Siyo hivyo, Bibi," alisema. "Nitazame mimi kwanza."

Na Bibi akainama, akamtazama.